Kijapani cha Chole

Daraja lilikuwa limechukuliwa na mvua ya juzi, kwa hiyo dereva wa lori alitushusha mbele kidogo ya Maneromango, akatuambia tumalizie safari ya Chole kwa miguu. Alisema hivyo bila haya, huku tayari anageuza gari. Nilivua viatu nikavuka kijito pamoja na wanawake wawili waliokuwa wanarudi kwao na vyungu vipya kichwani. Maji yalitufika magotini. Wao hawakuyumba hata kidogo. Mimi niliyumba mara mbili.

"Huyu wa wapi?" mmoja akamuuliza mwenzake, kana kwamba sikuwapo.

"Muulize."

"Kaka, wa wapi wewe?"

"Mombasa."

"Ndiyo maana. Mombasa wanatembea juu ya sakafu." Wakacheka wote wawili. "Na Chole unakwenda kwa nani?"

"Kwa mwalimu."

"Mwalimu yupi, wa Korani au wa Wajapani?"

Nikasema wa Wajapani. Wakaacha kucheka, na yule mkubwa akaniangalia upya, toka kofia mpaka viatu nilivyovishika mkononi.

Huyo ndiye niliyekuwa namfuata. Siku mbili kabla, katika posta ya Kisarawe, nilijigamba mbele ya karani kwamba hakuna lugha inayosemwa kati ya Lamu na Kilwa ambayo sijaisikia. Karani hakuinua hata uso kwenye mihuri yake. "Kijapani je?" akasema. "Nenda Chole. Watoto wa darasa la pili wanakisema." Ilikuwa mwaka wa hamsini na mbili. Nilidhani ananitania, lakini mimi ni mtu ambaye hata kwa utani hufunga safari.

Shule niliisikia kabla ya kuiona. Ilikuwa nyumba ya udongo iliyoezekwa makuti, na uwanja mbele yake umefagiliwa vizuri. Watoto kama arubaini walikuwa wamejipanga mistari miwili, wameipa shule mgongo, nyuso zao zinaelekea porini. Mbele yao alisimama msichana wa miaka tisa hivi, amezungusha viganja mdomoni.

"Dete koi!" alipiga kelele kuelekea mikorosho.

"Dete koi!" wakaitikia arubaini.

"Mizu ga aru!"

"Mizu ga aru!"

"Korosanai!"

Nilisimama. Kabla ya vita nilikaa Kobe miezi minane, karani wa shehena wa wafanyabiashara wa nguo. Kijapani changu ni cha bandarini na cha vibanda vya chakula, lakini kwa hayo kilitosha. Watoto wale walikuwa wanauambia msitu: tokeni nje, maji yapo, hatutawaua.

Mwalimu alikuwa amesimama pembeni, kaptula ya kaki imepigwa pasi mpaka imekuwa na makali. Kibwana Zahoro, mtu wa Mlandizi, umri wake kama miaka thelathini na sita, mwembamba, na ana sauti ambayo mtu anaweza kumwonea wivu. Nikamwamkia kwa Kijapani. Alirudi nyuma hatua moja.

"Umesema nini?" akauliza kwa Kiswahili.

"Nimekuuliza hujambo."

"Hilo sikufundishwa."

Kwa kweli hakufundishwa. Alichokuwa nacho Kibwana kilikuwa sentensi kumi na moja, basi. Tokeni nje. Inueni mikono. Wekeni silaha chini. Maji yapo, dawa ipo. Tembeeni polepole. Hakujua kumsalimu Mjapani, wala kumshukuru, wala kumuuliza jina lake. Alikuwa askari wa KAR, jeshi la Mwingereza, huko Burma, katika bonde la Kabaw, na afisa mmoja Mwingereza aliyejua Kijapani aliugua homa, sauti ikamkauka. Akatafuta miongoni mwa askari watu wenye koo. Baba yake Kibwana alikuwa muadhini wa msikiti wa Mlandizi, na mtoto amerithi. Akakaririshwa zile sentensi, akapewa kipaza sauti cha bati, akawa anasimama kwenye ukingo wa msitu anawaita Wajapani wajisalimishe.

"Walikuwa wanatoka?" nilimuuliza.

"Mara nyingi walijibu kwa risasi. Mara chache walitoka."

Alinipa chumba cha nyuma ya darasa, na jioni ile tukiwa tunamenya mihogo akanieleza jinsi lugha ile ilivyoingia shuleni. Alipofika Chole, miaka minne nyuma, alikuta watoto kumi na wanne. Wazazi walikuwa wanawapeleka chuoni kusoma Korani, jambo ambalo hakuna aliyeweza kulilaumu, na baada ya chuo waliwapeleka mashambani kufukuza ndege wa mpunga. Shule ya serikali ilikuwa kitu cha tatu, na mtoto ana siku moja tu. Ofisi ya elimu ikamwandikia kwamba asipopata watoto thelathini shule itafungwa. Siku moja, watoto wamesinzia juu ya jedwali la saba, alichoka akapiga kelele kama alivyokuwa akipiga kule msituni. Wakaamka wote. Wakacheka, wakataka tena. Akawaahidi kwamba wakimaliza hesabu watapewa sentensi moja ya Kijapani, na baada ya miezi miwili walikuwa arubaini na mmoja. Mkaguzi alipokuja aliambiwa ni mazoezi ya viungo, akaandika kwamba watoto wana afya.

Ningeweza kuondoka kesho yake nikiwa na kisa kizuri cha kuchekesha. Lakini asubuhi alikuja bibi mmoja, amejifunga kaniki, amemshika mkono yule msichana aliyekuwa akiongoza sauti.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye umetoka kwa Wajapani?"

"Nilikaa kwao zamani, bibi."

"Wanakula nini?"

"Wali na samaki."

Akamgeukia mjukuu wake. "Umesikia? Wali na samaki. Baba yako hana shida ya chakula."

Bibi huyo ni Mwanamkuu, na msichana ni Mwanaasha, mtoto wa mwanawe Saburi. Saburi alichukuliwa KAR mtoto akiwa bado tumboni. Mwaka wa arubaini na nne ilikuja karatasi kutoka serikalini ikisema kwamba hakuonekana baada ya mapigano. Ya pili ikasema anadhaniwa amekufa. Mwanamkuu alizifunga zote mbili kwenye kitambaa, akakataa matanga.

Alikuwa na sababu zake, na aliniambia mwenyewe, tumeketi barazani kwake. Enzi za Wajerumani mjomba wake alichukuliwa kuwa mpagazi wa jeshi, ikaja habari kwamba amekufa. Wakalia, wakasoma hitima, wakaanua matanga, mkewe akakaa eda na akaolewa. Baada ya miaka mitano mjomba akarudi. Alikaa uani akaomba maji, na mkewe akayaleta akiwa na mtoto wa mume mwingine mgongoni.

"Tulimwita Marehemu mpaka alipokufa kweli," alisema Mwanamkuu. "Marehemu njoo ule. Marehemu mbuzi wako wameingia kwenye mihogo. Alikuwa anaitika, lakini hakucheka tena. Baba yangu akaapa: katika nyumba hii halii mtu kwa karatasi. Waje watu walioona."

"Na mjomba alirudije?"

"Alifuatwa. Alikuwepo mtu wa hapa ameshika Kijerumani, hakuiamini ile habari, akaenda bomani Bagamoyo akawauliza kwa lugha yao, mko naye wapi. Wakamtoa gerezani, walikomfunga kwa kutoroka. Mateka hutafutwa na mwenye lugha ya aliyemteka, mwanangu. Ukimuuliza Mwingereza habari za mtu aliye kwa Mjapani, atajua nini?"

Hapo ndipo nilipoelewa ni nini kilichokuwa kinatokea Chole. Watoto walikuwa wanacheza. Mwalimu alikuwa anaokoa shule. Mwanamkuu alikuwa anaandaa mkombozi. Tangu aliposikia sauti ya mjukuu wake ikipaa kwa Kijapani juu ya mikorosho, alikuwa anamtoa shambani kila siku, ndege wale mpunga wakitaka, na jioni alimkaririsha. Sasa uvumi ulikuwa umefika kwamba meli ya Wajapani, ya nguo, inatazamiwa Dar es Salaam kabla ya mwezi kuandama. Alikuwa ameshasuka mikeka miwili ya safari. Angemsimamisha mtoto gatini, mbele ya meli, aite.

"Nilimuuliza mwalimu maana ya yale maneno," alisema. "Maneno mazuri. Njooni, maji yapo, hatuui mtu. Hata mimi ningetoka."

Mke wa Saburi, Biasha, alikuwa anapepeta mchele pale pale, akisikiliza. Mwaka wa tisa sasa, si mjane wala si mke. Fundi mmoja wa cherehani wa Zegereni, jina lake Kondo, alishaleta barua ya posa mara mbili na ikarudishwa mara mbili.

"Mimi mume wangu karatasi," aliniambia, bila kuacha kupepeta. "Mume mzuri. Halalamikii chumvi."

"Biasha!" mama mkwe akamkemea.

"Nimesema vibaya, mama? Nimesema halalamiki."

Nilirudi shuleni nikamweleza Kibwana habari ya meli, nikitegemea kwamba atacheka au atasikitika. Aliketi juu ya dawati la watoto, magoti yake yakamfika kidevuni.

"Saburi amekufa," alisema. "Nilikuwepo."

Walikuwa marafiki, mmoja wa Mlandizi na mmoja wa Chole, wameungana huko mbali kwa sababu wote wawili walijua ladha ya mchicha wa nazi. Siku ile Kibwana alisimama na kipaza sauti chake, akaita kama kawaida: tokeni, maji yapo. Akatoka Mjapani mmoja, kijana, mguu umeoza, anatambaa. Saburi ndiye aliyekuwa na maji. Akachukua chupa akaenda. Mjapani alimngoja mpaka alipoinama, ndipo akalipua bomu lililokuwa chini ya shati lake.

"Mimi nilisema maji yapo," alisema Kibwana. "Yeye akayapeleka. Ningesema nini tena? Kisha mizinga ikaanza, nikakimbia. Nilikimbia, bwana. Afisa aliponiuliza Saburi yuko wapi nikasema sikuona. Tuliporudi baada ya siku tatu, bonde lote lilikuwa limepinduliwa, huwezi kujua mtu wala mti."

Aliomba mwenyewe kupelekwa Chole, ili amwambie mama wa rafiki yake. Siku ya kwanza alifika kwake na maneno yake tayari. Mwanamkuu alimchinjia jogoo, akasema: Saburi atafurahi akirudi kusikia kwamba nilikupokea. Maneno akayaacha mpaka kesho, na kesho ikawa miaka minne.

"Mwambie sasa," nikasema. "Kabla hajampeleka mtoto bandarini. Mwambie mbele ya shehe, ili Biasha naye awe huru."

Nilisema hivyo kwa urahisi wa mtu ambaye mkoba wake haujafunguliwa. Mpaka leo najiuliza ningefanya nini kingine.

Ijumaa, baada ya swala, Kibwana aliomba watu wasiondoke. Walikaa kwenye baraza la msikiti, wanaume juu, na wanawake wakiitwa wakae upande wa ukuta. Shehe Mwinyimadi alikuwa mzee mpole, macho yameanza kufunikwa na ukungu, na alikuwa na tabia ya kumgeuzia msemaji sikio badala ya uso. Kibwana alisimulia yote. Hakujipunguzia, hata kukimbia alikutaja. Sauti ile nzuri ilitoka sawasawa mpaka mwisho, na nilijua kwamba alikuwa ameyakariri maneno yale miaka yote minne.

Shehe akauliza:

"Na mwingine aliyeona ni nani?"

"Hakuna, shehe. Tulikuwa sisi wawili. Na Mjapani."

"Mjapani yuko wapi?"

"Alikufa papo hapo."

"Bwana mwalimu, unamleta maiti kuwa shahidi?" Mtu mmoja nyuma akaguna, na shehe akamnyamazisha kwa mkono. "Sikudharau. Lakini mwanamke hafunguliwi ndoa kwa shahidi mmoja. Wanatakiwa wawili. Na yule afisa alipokuuliza, ulimjibu nini?"

"Nilimjibu sikuona."

"Sasa nimshike Kibwana yupi, wa vitani au wa leo?"

Nilitaka kusimama niseme namjua kuwa mkweli, lakini nilikuwa nimemjua kwa siku nne.

Mwanamkuu aliinuka pale ukutani. Nilingoja kilio. Hakulia.

"Mwanangu," alimwambia, "nani amekutuma?"

"Hakuna, mama. Ni kweli tupu."

"Miaka minne umekula kwangu. Miaka minne unamfundisha mtoto awaite. Leo meli inakuja, ndipo Saburi amekufa? Fundi Kondo amekushonea suruali ngapi?"

Baraza zima likageuka kumtazama Biasha. Yeye alikuwa ameinua uso kidogo wakati Kibwana akisimulia. Nilimwona, midomo imeanza kutetemeka kama ya mtu anayetaka kuanza kulia kilio alichokinyimwa miaka tisa. Maneno ya mama mkwe yalipomfikia, aliurudisha uso wake chini. Angelia sasa, watu wangesema alikuwa anangojea. Angemwamini mwalimu, wangesema walipanga.

"Unasemaje, Biasha?" shehe akauliza.

"Mume wangu yupo kwa Wajapani," alisema. "Kondo simjui."

Kwa hiyo kabla ya siku ile Biasha alikuwa na fundi anayemngoja Zegereni, na baada yake hakuwa naye. Hilo tu ndilo ulilolifanya ukweli wetu.

Jumatatu darasa lilikuwa tupu. Kibwana alipiga kipande cha reli kilichokuwa kengele, akapiga tena, kisha akaingia akaandika tarehe ubaoni kama kawaida. Watoto tuliwaona kwa mbali mashambani, wanarusha makombeo. Jumanne walikuja wawili, na mama yao akawafuata akawarudisha, akimwomba mwalimu radhi kwa heshima zote. Hakuna aliyemtukana. Walimletea maji, walimletea hata papai. Nadhani angetukanwa angekaa.

Alhamisi alifunga vitabu vya serikali kwa kamba. Angevipeleka Kisarawe, awaambie ofisini kwamba shule haina watoto, halafu aende kwao Mlandizi akalime. Nilimwambia nitafuatana naye. Nilikuwa nimeichoka Chole, au tuseme nilikuwa nimejichoka ndani ya Chole, na ugonjwa huo mimi huutibu kwa barabara. Nikaingia chumbani kuchukua mkoba wangu. Haukuwepo.

"Umechukuliwa na bibi yangu," alisema Mwanaasha, amesimama mlangoni. "Amesema kuna chumba cha baba, kimefagiliwa."

Mwanamkuu alikuwa barazani kwake, ametandika mkeka mmoja wa ile miwili. Mkoba wangu ulikuwa ndani, niliona kamba yake kupitia mlangoni.

"Karibu," akasema. "Wewe umekaa kwao. Unajua mpaka salamu. Yule alikuwa anamfundisha mtoto kupiga kelele tu, hakumfundisha kuzungumza."

"Bibi, mimi ni msafiri."

"Meli itakuja kabla ya mwezi kuandama. Msafiri hawezi kukaa siku kumi na mbili? Ukiondoka wewe, nani atamfundisha? Niambie ni nani."

Nilifikiri: nikimwambia kwamba Saburi amekufa, nitakuwa shahidi wa pili ambaye hakuona kitu. Nikiondoka, atakwenda gatini hivyo hivyo, na mtoto atasimama chini ya meli ya nguo awaite mabaharia wainue mikono. Biasha alinitazama kutoka jikoni. Sikujua ananiomba nikae au niende, na sidhani kama yeye mwenyewe alijua.

Kibwana alipita barabarani, vitabu begani. Alisimama mbele ya nyumba akatoa salamu, na wote wakamwitikia, kwa kuwa salamu haikataliwi. Mwanamkuu alimpelekea mihogo ya kuchemsha imefungwa kwenye jani la mgomba, akaipokea kwa mikono miwili. Kisha akanitazama, akaona mkeka, akaona Mwanaasha amekaa mbele yangu amekunja miguu, na akaelewa. Akajitwika vitabu vizuri, akashika njia ya Maneromango.

"Anza na hili," alisema Mwanamkuu. "Mfundishe kuuliza: mko naye wapi?"

Mgongo wa Kibwana ulikuwa bado unaonekana kati ya mikorosho. Nilijua jinsi ya kuuliza hivyo kwa Kijapani. Ni sentensi fupi, na mtoto mwepesi angeishika kabla ya jua kuzama.